Kidole na Regulata ya Feni ya Moshi

Karakana ile ilikuwa na feni moja ya kuvuta moshi wa wachomeleaji, na feni ile ilikuwa na mtu mmoja aliyeielewa. Wenzake walimwita Kidole. Regulata ya ukutani, ile ya kupunguza na kuongeza mwendo, ilikuwa imelika ndani hata namba zake zikawa za uongo. Ukiiweka kwenye mbili, feni ililala na moshi ukabaki machoni. Ukiisogeza kwa pupa, feni ilivuma kama imepandwa na pepo, ikavuta moshi pamoja na gesi inayoilinda weldi, na weldi ikatoka na matundu. Kidole aliibonyeza kwanza, akaipitisha mbele kidogo, kisha akairudisha polepole huku kainamisha sikio. Feni ikatulia. Kila asubuhi, kabla cheche ya kwanza haijaruka, ilisikika sauti: "Mwiteni Kidole!"

Kwa sauti hiyo aliishi. Kazi yake hasa ilikuwa kukata vyuma, na hakuna anayepaza sauti kumwita mkata vyuma. Zamani mtu na chombo chake walizeeka pamoja, wakavumiliana maradhi. Siku hizi chombo kikikohoa kinang'olewa, na mtu akikohoa anaulizwa lini atapumzika.

Basi akaajiriwa fundi umeme, naye hakuwa mtu baki: alikuwa mdogo wa mkewe Kidole. Aliyempeleka kwa tajiri ni Kidole mwenyewe, baada ya mkewe kumsumbua hata usingizi ukamtoka. Sasa kila chakula kilipotengwa nyumbani, sifa za mdogo mtu zilitengwa pamoja nacho. "Mdogo wangu ana mikono ya baraka," mke alisema, na Kidole akanawa mikono kabla ya kushiba. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, ila huyu nilimvisha mwenyewe.

Asubuhi moja shemeji alifungua kisanduku cha regulata, akaguna.

"Shemeji, hii imekwisha. Ona, imeungua mpaka pembeni."

"Haijaisha. Inataka kujuliwa."

"Wanaotaka kujuliwa ni watu, shemeji. Hii inataka kubadilishwa."

Wachomeleaji wakaangua kicheko. Mama Cheche, ambaye ulimi wake ulichoma kuliko moto wake, akadakia: "Mwache aijue! Wamekaa wote miaka mingi, karibu atatuletea posa!"

Shemeji alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli, akagusa nyaya kwa tesita ahakikishe zimekufa. Akasoma kibati cha mota, kile chenye vipimo vya umeme wake, ili regulata mpya isizidiwe na mzigo. Kila waya aliufunga utepe kabla ya kuuchomoa. Kidole alishika tochi. Alimulika, na kimoyomoyo aliomba waya mmoja tu usahaulike. Haukusahaulika, na regulata mpya ikakaa ukutani.

"Na hii skrubu ndogo hapa chini ya kitasa," shemeji alimweleza kwa heshima, kama anayemgawia urithi, "ndiyo inayoamua mwendo wa chini kabisa. Ikilegezwa mno, mota inanguruma bila kuzunguka."

Pale karakana palikuwa na desturi: aliyetengeneza feni ndiye anayesimama kwenye meza, pua yake juu ya moshi wa kwanza. Akikohoa, hajatengeneza. Mama Cheche aliposhusha kofia yake ya kuchomelea, Kidole alijikuta anapiga hatua kuelekea mezani. Miguu ilikwenda kwa mazoea.

"We Kidole, unakwenda wapi? Pua ya leo ni ya shemeji yako!"

Kicheko kile kilimwingia kama kibanzi cha chuma. Shemeji akasimama, moshi ukapanda, ukapinda, ukashika njia ya bomba. Hakukohoa. Wakampigia makofi.

Wakati wa chakula, karakana ilipobaki tupu, Kidole alizima swichi, akachomoa kitasa, akaingiza bisibisi, akailegeza ile skrubu. Kisha akaenda kukaa kando ya msumeno wake, masikio wima, akingoja sauti.

Wenzake walirudi. Feni ikanguruma bila kuzunguka, moshi ukaanza kujaa. Kidole akafuta mikono tayari. Mama Cheche akanyanyuka, akazungusha kitasa mpaka tatu, feni ikaamka, akairudisha mpaka moja. "Mvivu wa kuamka kama mume wangu," alisema, akaendelea na weldi yake. Hakuitwa mtu.

Jioni shemeji alipita, akawasha feni, akasikia mngurumo. Akazima, akafungua, akatazama. Kwenye kichwa cha skrubu palikuwa na mkwaruzo mpya. Aligeuza shingo, akamtazama Kidole, na Kidole akatazama viatu vyake.

"Vipi hapo?" Mama Cheche aliuliza.

"Nimesahau kuikaza. Kosa langu."

"Haya ndiyo mambo ya watoto wa leo! Kidole asingesahau."

Hayo ndiyo maneno Kidole aliyoyatamani tangu asubuhi. Sasa yalipokuja, yalikuwa machungu kama shubiri. Hata kosa lisilo lake, kijana huyu alilibeba vizuri kuliko yeye alivyolitenda, na kwa hilo Kidole alimwonea wivu kuliko kwa regulata. Angetukanwa angepata la kujibu.

Wengine walipotoka, shemeji alisema bila kuinua sauti, "Mota ikinguruma hivyo kutwa, inaungua, shemeji. Ukitaka kuizungusha, izungushe. Lakini kwa nje."

"Utamwambia dada yako?"

"Nimwambie nini? Kosa ni langu, wote wamesikia."

Kidole alilala na jibu hilo kama mtu aliyelalia jiwe.

Asubuhi aliwahi kabla ya wote, akasimama ukutani kando ya regulata. Wachomeleaji wakaingia wakitaniana, wakavaa glavu, wakashusha kofia. Mama Cheche akamjia moja kwa moja, na Kidole akanyoosha mkono kuelekea kitasa.

"Kidole, sogea baba, unaniziba."

Akasogea. Mama Cheche akazungusha kwa vidole viwili, bila hata kutazama, akarudi mezani kwake. Feni ikavuma taratibu, sawasawa, kama ambavyo yeye hakuwahi kuifanya ivume.

Kidole akaenda kuwasha msumeno.