Nilimeza "Tu" ya Daktari

Nimekosa, jamani, wala simsingizii shetani. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Mama yangu ni mtu wa Suji, kwetu mlimani. Kichasu, lugha ya kwetu, ndicho chake; Kiswahili cha haraka kinampita. Alishaondolewa titi kwa saratani, na kila tukishuka kliniki mimi ndiye niliyekuwa masikio yake.

Siku hiyo daktari alisema, "Imesambaa, lakini sehemu mbili tu, mfupa wa mgongo na pafu. Zikiwa chache hivi kuna mionzi inayolenga palepale, na haichukui siku nyingi. Mpelekeni Dar mapema."

Mama akanigeukia. "Kasemaje?"

Wenzangu, nilikuwa nimechoka! Mara ya kwanza nilimuuguza hukohuko Dar, nikalala kwenye korido, tangawizi yangu ikaozea shambani. Nikamwambia, "Mama, imesambaa. Kasema turudi nyumbani tumwombe Mungu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

Nikajidai namwepusha na mateso. Mateso ya nani? Yangu!

Tukapanda mlimani, akaanza kuaga watu. Kanga zake akazigawa zote, hata ile aliyovaa kwenye harusi yangu. Kaka yangu akalia kwenye simu, nami nikamwambia madaktari wameshindwa. Looh!

Miezi ikapita, mama yupo. Maumivu ya mgongo yalipozidi, kaka akaja akamrudisha kliniki, nami nikawafuata. Daktari akatazama picha mpya, akauliza, "Mbona hamkwenda? Zilikuwa mbili tu. Sasa zimejaa hadi kwenye ini, mionzi ile ya kulenga haitafaa tena."

Kaka akanitazama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alisema hatamwambia mama, asije akafa na uchungu huo. Tangu hapo hapokei simu zangu, na nikimsalimia haitikii.

Sisemi mama angepona. Daktari hakuahidi hivyo. Lakini ile nafasi ilikuwa yake, mimi ni nani hata niikatae?

Wewe unayemtafsiria mzazi wako hospitalini, nakusihi, fikisha kila neno, hata lile linalokuongezea safari.

Mama bado hajui. Nesi akija na dawa ya maumivu, akisema jambo, mama ananishika mkono, ananigeukia mimi, mimi huyuhuyu: "Kasemaje, mwanangu?"