Tetekuwanga, dawa ya figo na swali la mama yangu

"Hayo uliyosoma, yameandikwa kwa watoto wanaomeza dawa anazomeza Rama?"

Wakuu, habari za humu. Mama aliniuliza hivyo hapa kwetu Kasingirima. Naandika ilivyotokea mwaka jana, hata pale ninapoonekana mjinga.

Rama ni mdogo wangu, miaka mitano. Alianza kuvimba macho asubuhi, kisha tumbo na miguu. Akalazwa. Wakasema ni nephrotic syndrome, figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Akaanzishiwa vidonge vya prednisolone.

Siku ya kutoka, daktari alimpa mama masharti. Kunawa mikono kwa sabuni muda wote. Asikae na mwenye kikohozi. Homa au tumbo likiuma, arudishwe siku hiyo hiyo. Chanjo yoyote, waulizwe kwanza. Na akikaa na mwenye tetekuwanga, aletwe haraka hata kama hana kipele.

Mimi na digrii yangu nikahoji kila sharti. Uvimbe umeisha, anacheza, anakula kunishinda. Masharti ya nini?

Shangazi akaja na boti kutoka Mwamgongo na binti yake, Zawadi. Kesho yake Zawadi akatoka vipele vya maji.

Sasa kwetu, mmoja akipata tetekuwanga wenzake wanalazwa naye makusudi, waugue wote yaishe.

"Mlaze na Rama hapo," shangazi akasema. "Msije mkasumbuka mara mbili."

Nikagoogle dakika mbili. Ugonjwa mwepesi kwa watoto. Nikawatandikia mkeka mmoja.

Mama alirudi kutoka kuanika dagaa akawakuta wamelala uso kwa uso. Nikamsomea kutoka kwenye simu. Ndipo akauliza lile swali.

"Msomi, nakusubiri." Huku anamfunga Rama mgongoni.

Shangazi akacheka. "Wifi, mtoto mzima huyo, unaenda kusema anaumwa nini?"

"Nitasema amelala na tetekuwanga."

Hospitali hawakucheka. Dawa ile inayotuliza figo inashusha kinga, kwa hiyo ugonjwa mwepesi kwa Zawadi unaweza kumuua Rama. Akaanza kutibiwa kabla hajatoka kitu.

Wiki mbili nilimvua shati kila saa, mpaka akawa ananikimbia. Vikatoka vipele vichache tu. Ila protini ilirudi kwenye mkojo, tukaanza vidonge upya.

Nilichojifunza: nilimhoji daktari, nikamhoji mama, simu yangu sikuihoji hata kidogo.

Wenye watoto wa hali hii, ndugu wakija na mgonjwa mnawazuiaje bila ugomvi? Nahitaji majibu, shangazi anakuja tena.

Nyongeza: mwaka mzima nilidhani mama alitii tu. Juzi ndipo kaniambia. Rama alipolazwa mara ya kwanza, kitanda cha pili alikuwepo mtoto wa mama mmoja wa Kalinzi, anameza vidonge vile vile. Mtoto yule alipata tetekuwanga, hakupona.

Mama ndiye aliyemsaidia yule mwenzake kukunja shuka.