Mzee Joost, Mholanzi aliyekipa choo chetu jua

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wateja wangu wote: oda za mapazia zimesimama. Hata ile ya bibi harusi. Naomba msinipigie.

Mzee Joost amefariki jana asubuhi. Akili yangu imekataa kabisa. Juzi tu alikuwa hapa dukani akinigombeza kwamba nimempunguzia mno mikono ya koti.

Kwa msiomjua: msanifu majengo, Mholanzi, ndiye aliyechora jengo letu hapa Joubert Park, huku kusini kabisa mwa Afrika, akiwa kijana. Wazungu wenzake walihama zamani. Yeye akabaki ghorofa ya nne, akajifunza Kiswahili chetu kwenye ngazi.

Aliamini nyumba ni zege, kioo na mwanga, basi. Urembo aliuita uchafu. Na mimi nashona mapazia chini ya jengo lake. Pata picha.

Kila nikitundika jipya: "Mama Neema, kioo kimekukosea nini?" Namjibu kioo hakina kosa, ila jirani wa ng'ambo ana macho.

Baridi moja kali akaja na tepu ya kupimia. Anataka pazia. Zito. Nilitafuta kiti.

Akaungama. Alipofika kutoka Ulaya alielekeza vioo vya sebule zote kusini, kama kwao. Huku jua linapita kaskazini! Ndiyo maana sebule zetu ni friji, na choo ndicho chumba chenye jua kuliko vyote. Sisi tulidhani ni modern design.

Aliomba iwe siri. Nilijitahidi mpaka saa kumi jioni.

Halafu mwenye jengo akatuletea barua: jengo bovu, litaanguka, tuhame wote. Tukafanya kikao kwenye ngazi: twende mahakamani, mzee awe shahidi. Papa Dieudonné, fundi viatu wetu kutoka Lubumbashi, akamwuliza mzee mbele za watu: "Papa, jua lilikushinda. Nguzo tukuamini vipi?"

Mzee akasimama na fimbo yake. "Jua nilikosea. Nguzo sikukosea. Nitasema hivyo mahakamani, na jua nitalitaja pia."

Koti lilikuwa la siku hiyo ya mahakamani.

Na ninyi mnaopita mkisema hawa wageni wamekaa tu kwa kukosa pa kwenda: pa kwenda tunapo. Hatuendi. Nguzo ziko palepale, njooni mzisukume.

Pumzika, mzee wangu. Huko ulikofika, kabla hujachora chochote, uliza kwanza jua linapita wapi.

Kesi ni Jumanne. Shahidi tulikuwa naye mmoja.