Dawa Iliyorudishwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, katika hospitali moja ya hapa Kolwezi. Mbele yangu mama mmoja, kichwa kimenyolewa kwa msiba, aliweka dirishani, mbele ya muuguzi, vidonge alivyovifunga kwenye kitambaa.

"Tata, narudisha hii dawa. Mutoto alikunywa, ngozi yote ikaanza kutoka sawa ya kuungua. Tulimuzika Jumapili. Muambie munganga."

Muuguzi akafungua kitambaa, akapuliza vumbi. Dawa ni adimu siku hizi.

"Aksanti, mama citoyenne. Batu bengine banatupaka dawa kwa takataka."

Akafungua chupa kubwa ya vidonge hivyo hivyo, akavimimina ndani, akaita anayefuata.

Yule mama alibaki amesimama, viganja wazi, akingoja aulizwe jambo. Hakuulizwa hata jina la mtoto. Basi akaenda kuketi mlangoni, na kila aliyetoka na dawa, yeye alimshika mkono taratibu, akamuuliza:

"Mama, balikupatia ya ile chupa kubwa?"

Wakubwa hutuambia kwamba hospitalini dawa zinafuatiliwa. Ni kweli. Mimi nimemwona anayezifuatilia: ameketi chini, mlangoni, kichwa kimenyolewa.