Bembea ya Gololi na Njia ya Zaituni

Mpaka leo nikisikia chuma kikibingirika juu ya kioo, mlio ule mwembamba unaotia meno ganzi, hutabasamu peke yangu kama mwehu. Narudi mtaani kwetu Biryogo, mwaka tisini na moja, kwenye kibanda cha baba yangu fundi cherehani, kulikonukia mafuta ya mashine na kitambaa kilichobabuliwa na pasi.

Mimi na rafiki yangu Zaituni tulikuwa na kazi kubwa. Miguu ya Zaituni ilipooza tangu akiwa mdogo, na mama yake ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule. Sasa Mama Zaituni alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia, na ilisemwa waziwazi kwamba akishindwa kumbeba, Zaituni atabaki nyumbani. Tukaamua kutengeneza kigari, chepesi kusukuma. Swali likawa magurudumu: ya mbao yaliyovishwa mpira, au ya chuma?

Kaka yangu Hamadi, aliyekuwa sekondari na kujiona profesa, alituonyesha namna ya kujua. Aliuegemeza ubao wa kukatia nguo ukutani, akafunga gololi ya chuma kwa uzi, akaining'iniza kwenye msumari juu ya ubao, gololi ikaulalia. Ukiivuta pembeni na kuiachia, inabingirika kushoto, kulia, kushoto, mpaka inachoka. Ikichoka upesi, ujue msuguano ni mwingi. Shuleni kwao waliita kitu hicho kwa Kifaransa, pandule. Sisi tukakiita bembea.

Tukatandika kipande cha mpira chini ya gololi, ikachoka mara moja. Juu ya mbao ikaenda afadhali. Juu ya kioo na bati ilibembea mpaka baba akatufukuza kwa makelele. Zaituni ndiye aliyehesabu, na kila akikosea alianza upya bila haya.

Basi, chuma! Tukaomba beringi kuukuu kwa mafundi wa magari wa mtaa wa Nyakabanda, tukazipigilia kwenye kigari, tukajisifu mtaa mzima. Asubuhi ya kwanza Mama Zaituni akasukuma. Magurudumu membamba yakazama kwenye vumbi la uchochoro kama kijiko kwenye uji. Akasukuma tena, akashika kiuno, akakaa chini palepale.

"Mwanangu, hii iko nzito kuliko wewe mgongoni," alisema akihema.

Mimi nililia. Zaituni hakulia, alinitazama kwa dharau kutoka kwenye kigari chake.

"Sha, wewe, gololi yenu ilitembea kwenye kioo. Huku kwetu kioo iko wapi?"

Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Tukarudi kibandani na ndoo ya udongo wa uchochoro. Tukaukandika ubaoni, tukauacha ukauke, kisha tukaachia gololi. Ilibembea vizuri ajabu! Tukanyunyiza vumbi juu ya udongo uleule, gololi ikafa papo hapo.

"Ni kama mlangoni kwetu na katikati ya njia," alisema Zaituni.

Kila asubuhi akina mama wa Biryogo walinyunyiza maji mlangoni kabla ya kufagia, na ardhi pale ilikuwa ngumu kama sakafu. Tatizo halikuwa gurudumu! Tukapita nyumba kwa nyumba tukiomba kila mama anyunyize maji yake hadi mlangoni kwa jirani. Walitucheka, wakakubali. Sisi watoto tukaja nyuma yao tukikanyagakanyaga matope kwa miguu mitupu, tukiimba, tumechafuka mpaka nyusi. Jua likafanya kazi yake.

Siku njia ilipokauka, mimi peke yangu nilimsukuma Zaituni hadi shuleni, kwa mkono mmoja, huku akinifokea nikaze mwendo. Sijawahi kufurahi vile. Mauaji yaliyolipata jiji letu miaka mitatu baadaye yana mahali pake pa kusimuliwa. Zaituni yupo, na bado ananifokea.

Ila jambo moja liliniudhi siku ile. Nilipogeuka nyuma nilimwona Mama Zaituni amesimama mlangoni analia, mikono ameifunganisha mgongoni. Nilikasirika. Tumempunguzia mzigo, naye analia?

Miaka mingi ikapita. Asubuhi moja nilimfikisha mwanangu wa kwanza shuleni, akaniponyoka akakimbilia wenzake bila kugeuka. Nilifika nyumbani ndipo nikagundua kwamba njia nzima nilikuwa nimetembea mikono yangu ikiwa nyuma, imeshika hewa.