Adapta ya Siku Saba

Jumatatu ya kwanza ya Agosti, saa kumi jioni, radi ilipiga transfoma ya mtaa wetu nikapoteza kompyuta ya marehemu mume wangu. Friji ya jirani ilipona. Redio yangu ilipona. Ile kompyuta, ambayo mimi sikuwahi kuigusa ila kuipangusa vumbi, ilitoa moshi kidogo kama mtu anayemaliza sigara, ikanyamaza.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani ya miwa. Kompyuta hiyo aliinunua mnadani ofisi ilipouza vifaa vyake vya zamani, akaiweka juu ya meza ya kulia, nasi tukahamia kulia magotini. Mwaka wake wa mwisho aliketi hapo jioni nyingi na maikrofoni ndogo, akijizoeza hotuba ya siku wakwe watakapoleta mahari ya binti yetu. Hakuifikia siku hiyo. Sasa wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi, na atakayesema badala yake alikuwa ndugu yake. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini ukimpa nafasi ya kuongea ataongea ng'ombe, mmoja mmoja, tangu kuzaliwa kwao. Nilitaka binti yangu amsikie baba yake. Sikutaka kingine.

Jumanne nikampelekea mashine fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko, mwanamke aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala. Akaifungua, akainusa.

"Mama, mashine imekufa. Lakini diski iko hai, na vitu vya mzee viko humu." Akaniwekea mkononi kidude kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia. "Tafuta adapta. Huku unachomeka diski, huku unachomeka kompyuta yoyote."

"Wewe huna?"

"Nilimwazima mtu tangu mwezi wa pili. Huyo naye hana siku saba."

Siku saba ni habari ya duka fulani la vifaa vya umeme hapa mjini. Ukinunua kitu kwao unaweza kukirudisha ndani ya siku saba ukapewa pesa yako yote, bila swali lolote, mradi uwe na risiti na boksi. Mwenye duka aliliona tangazo kama hilo mahali, akalipenda, akalibandika mlangoni. Kakamega ikalipenda kumshinda. Watu waliacha kununua, wakawa wanaazima. Pasi zilitoka Jumamosi zikarudi Jumatatu. Kamera zilihudhuria harusi kisha zikarudi zimepanguswa keki. Foleni ya kurudisha ikawa ndefu kuliko ya kununua, na watu walikuwa wakijuana humo kama washirika wa kanisa moja.

Nikanunua adapta. Kufungua boksi nyumbani, nikakuta waya wa kuchaji simu na punje mbili za mahindi. Nafikiri lilikuwa limefika Likuyani, kwa wakulima wa mahindi, likarudi.

Jumatano nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, dada wa kaunta alinyoosha mkono bila kuniangalia.

"Risiti na boksi."

"Ndani hakuna adapta," nikasema. "Na boksi nililikata kwa kisu cha vitunguu, ndiyo maana linanuka. Ningekuja jana jioni, lakini mimi ni mpishi wa chekechea na sufuria zilikuwa bado—"

"Mama, hapa hatuulizangi."

"Najua hamuulizi. Mimi nasema tu."

"Sasa ukisema, na hawa wengine wataona ni lazima waseme."

Nyuma yangu alisimama mzee mmoja mnene, mwimbaji wa besi katika kwaya, akirudisha maikrofoni. Akakohoa. "Mama, tafadhali. Usituharibie."

Foleni ikacheka, nami nikacheka, kisha nikashika mdomo. Tangu tumzike sikuwa nimecheka mbele ya watu. Nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu wa kanisani kwetu. Walikuwepo wawili, wote wameshika pasi.

Adapta ya pili, niliyobadilishiwa hapo kaunta, ilikuwa adapta kweli. Fundi aliichomeka, tukangoja, diski haikuzunguka.

"Hii ni diski ya mashine ya mezani," akasema. "Inataka umeme wake yenyewe. Kwa boksi kulikuwa na waya wa ukutani?"

Haukuwepo. Aliyeirudisha kabla yangu alikuwa amebaki nao.

Alhamisi nikaenda na diski yenyewe mkobani, nimeifunga kwa leso. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Mzee wa besi alikuwa mbele kabisa, safari hii na spika mbili, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia dada wa kaunta, ambaye hakuwa amemuuliza, kwamba zinakwaruza. Nafikiri mimi ndiye niliyemwambukiza.

"Mama wa maelezo," dada akaniita. "Leo ni nini tena?"

Nikamweleza yote. Radi, Jumamosi, wakwe, shemeji na ng'ombe wake. Foleni nzima ilisogea kusikiliza. Dada akageuka akatazama rafu yake ya adapta, akapumua.

"Mama, hakuna hata moja hapa ambayo haijatoka ikarudi. Mimi mwenyewe sijui boksi gani lina nini."

Akayateremsha yote akayamwaga juu ya kaunta. Kulikuwa na adapta bila waya na waya bila adapta, rimoti ya televisheni, na soksi moja. Watu waliacha nafasi zao wakaja kusaidia kupekua. Mama mmoja alifungua mkoba wake, akatoa waya mweusi wenye kichwa cha ukutani, akauweka pale katikati kimya kimya huku akitazama dari. Hakuna aliyemuuliza.

Tukaunganisha. Diski ikazunguka, ikatoa sauti kama nzi ndani ya chupa, na majina ya faili yakajaa kwenye kompyuta ya dada. Hotuba 1, Hotuba 2, hadi Hotuba 11. Lakini kompyuta ile haikuwa na spika.

Wote tulimtazama mzee wa besi.

"Zinakwaruza," akasema.

"Ziwekwe tu, mzee," dada akamwambia.

Mume wangu akaongea ndani ya duka lile. Hakukwaruza hata kidogo. "Wakwe zetu, karibuni. Mimi si mtu wa maneno mengi." Hiyo ilikuwa Hotuba ya kwanza, na alisema maneno mengi sana. Akafika mahali pa kumtaja mama wa binti, akasita. Kisha, kwa sauti yake ya nyumbani: "Mama watoto! Hapo nikuite nani mbele ya watu?"

Na kutoka mbali, jikoni kwetu, mimi: "Niite chakula kiko tayari!"

Akacheka kile kicheko chake kama mtu anayepiga chafya, faili ikaisha. Tukafungua ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Zote ziliishia hapo hapo, kwa jibu langu lile lile. Hakuwahi kulipata neno. Duka zima lilikuwa linacheka, mama wa waya mweusi alikuwa amekaa chini, na mimi machozi yalinitoka na sikujali ni ya nini.

"Mzee," dada akasema akijipangusa macho, "hizi ndizo zinakwaruza?"

"Zilikwaruza Jumapili kwaya ikiimba."

"Basi si spika."

Mzee akazikumbatia spika zake akatoka kwenye foleni.

Dada aliniwekea faili zote kwenye flashi, akanisogezea adapta. "Umemaliza kazi nayo. Ukitaka irudishe sasa hivi, haijavuka hata mlango."

Sitadanganya, niliishika risiti. Niliishika kwa muda. Halafu nikaitia adapta mkobani pamoja na diski, ndani ya leso moja. Siku hizi iko kwa fundi. Nilimwambia akimwazima mtu, ampe siku saba.

Jumamosi wakwe walifika. Kabla hawajakaa alitokea mzee wa besi na spika zake mbili, hakuwa amealikwa, akazifunga mwenyewe sebuleni. Shemeji yangu alikubali kungoja na ng'ombe wake. Binti yangu aliketi karibu na spika, mikono mapajani. Tulichomeka flashi kwenye spika, tukafungua Hotuba ya kumi na moja. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, nyuma yangu kuku na ugali, ingokho na obusuma za kwetu, vimefunikwa. Baba yake akakaribisha wakwe, akasema yeye si mtu wa maneno mengi, akasita.

"Mama watoto! Hapo nikuite nani mbele ya watu?"

"Niite chakula kiko tayari," nikajibu, kabla spika haijajibu. Kisha spika ikajibu pia, kwa sauti yangu.

Na kilikuwa tayari kweli. Tukapakua.