Harage Shavuni

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa mtaani Joubert Park majirani husema nikifika dukani kununua mkate, basi nimeshasafiri. Ndiyo maana Jumapili ya Mamajusi naiogopa, ingawa chakula chake nakipenda sana.

Desturi yetu Wakongomani wa jengo hili ni hii: baada ya misa tunakula keki iliyofichwa harage moja ndani yake. Atakayelipata ndiye mfalme: anavikwa taji la karatasi, anashika nyota, na kutuongoza kuimba nyimbo za Noeli mlango kwa mlango, ghorofa zote kumi na moja.

Safari hii mwenyeji alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mjane, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tulikula sombe, majani ya muhogo, na samaki, halafu keki. Nikauma kitu kigumu. Nikakisukuma shavuni kwa ulimi, nikaendelea kutafuna kama mbuzi mwenye siri.

Keki ikaisha. Mfalme hakuna.

Mama akalitazama sinia. Akasema harage alilitia kwa mkono wake mwenyewe, analikumbuka. Watu wakacheka, mmoja akamtania kwamba labda alilichemsha pamoja na ya jana. Mwanawe hakucheka. Yeye anakaa Turffontein, mtaa mwingine wa mbali, na tangu mama aache jiko likiwaka na kwenda sokoni, anataka kumhamishia kwake. Mama hataki. Kanisa lake, wateja wake wa mboga, wambea wenzake, wote wako huku.

"Unaona, mama?" mwanawe akasema polepole. "Hata harage."

Mama akaanza kukusanya sahani, macho chini. "Pengine kweli nilisahau."

Jamani. Kulimeza nilijaribu, koo likakataa. Nikalitema kiganjani mbele ya watu wote.

"Hukusahau, mama. Nilikuwa nalo mimi. Naogopa ngazi."

Akaliangalia harage, akaniangalia mimi, akamwangalia mwanawe kwa muda mrefu zaidi.

"Baba mzima na ndevu zako," akasema. "Simama. Lifti imekufa, na tunaanzia juu."

Tukapanda, mimi mbele, taji limenikalia upande, nahema kuliko ninavyoimba. Kwenye mlango wa kwanza tu, ubeti wa tatu ukanipotea. Mama akaudaka nyuma yangu bila kusita, akaendelea na wa nne, na wa tano, mpaka mwisho. Mwanawe alikuwa amesimama kando yake na mkoba wa mama mkononi, anamsikiliza.